Naomba ushauri: jodari wa bahari kuu, sisi Lamu tupeleke wapi kilio chetu?

Salaam wadau, mimi mvuvi wa hapa Kizingitini na juzi wenzangu wa BMU, kile kikundi chetu cha kusimamia ufuo na uvuvi, wameniteua nikawaongelee kwenye mkutano kuhusu jodari, sasa nakwama. Kwetu tunaelewana, nyavu gani zikatazwe na wapi tupumzishe, lakini jodari hatulii, anatoka nje ya zile maili 200 za nchi kisha arudi, na huko bahari kuu wanaopanga ni nchi wanachama wa IOTC, ile tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, ofisi yao iko Ushelisheli, na Kenya ni mwanachama. Jodari wa mapezi ya njano walitangazwa 2015 kuwa wamevuliwa kupita kiasi, 2016 ukaja mpango wa kuwarudisha. Kinachoniuma zaidi ni yale maboya ya kuelea ya meli kubwa, jodari wadogo wanajikusanya chini yake wanazolewa na nyavu kabla hawajazaa hata mara moja, wallahi inauma. Kaskazi hii mwanangu kaokota moja limekwama kwenye mwamba na kamba zake zote.

Sasa nisaidieni, tudai nini hasa, na barua tupitishie kaunti ama moja kwa moja kwa wale wanaoiwakilisha Kenya kule? Aliyewahi kukaa vikao hivyo anieleze tafadhali, mkutano ni wiki ijayo.