Vijiti, abakasi au pesa: mnaanzaje kufundisha mamoja na makumi?

Mwalimu_Lindi
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina Darasa la Pili, watoto 84. Nikitaja "mia moja na tano", zaidi ya nusu wanaandika 1005. Ninazo abakasi (fremu za kete za kuhesabia) tatu tu, vijiti napata bila shida, na jedwali la nafasi, lenye safu za mamia, makumi na mamoja, nachora ubaoni. Ninyi mngeanza na kipi?

MamaDarasa_Tanga
Pole, mwalimu. Mtoto huyo anaandika anachosikia: 100, kisha 5. Anza na vijiti. Mimi natumia chelewa. Watoto wanahesabu kumi, wanafunga kwa kamba ya mgomba, mafungu kumi wanayafunga tena pamoja. Usiwafungie wewe! Kufunga ndilo somo lenyewe. Kwenye 105 anaona mkononi ana fungu kubwa moja na vijiti vitano, hakuna fungu la vijiti kumi la pembeni, ndipo sifuri ya katikati inapata kazi. Hata kutoa kunanyooka. Kwa 52 − 27 wengi huandika 35, kwa sababu wanatoa 2 kwenye 7. Mwenye vijiti hawezi: ana viwili, anatakiwa atoe saba, basi lazima afungue fungu moja.

Ticha_wa_Hesabu
Dada, kwa watoto 84 kugawa na kukusanya vijiti kunamaliza kipindi. Abakasi ni haraka, na nafasi zinaonekana wazi.

MamaDarasa_Tanga
Kaka, abakasi naipenda, ila baada ya vijiti. Kete ya makumi na ya mamoja zina ukubwa uleule; ambaye hajawahi kufunga kumi kwa mikono yake anaziona zote ni moja moja. Kuhusu muda, fungu la vijiti likae kwa kila kikundi cha watoto sita, kiongozi wao ndiye mtunzaji.

Mwalimu_Nyeri
Huku Kenya pesa za kuchora zinatusaidia sana, kwa kuwa mtoto anaijua shilingi 1, 10, 100 na 1000. Tanzania shilingi moja haipo tena mikononi mwa mtoto, kwa hiyo mamoja yatawasumbua.
Jambo lingine ni majina. Kwa Kikuyu thelathini ni mĩrongo ĩtatũ, yaani makumi matatu. Mtoto anaisikia tatu humo ndani. "Thelathini" haimwonyeshi. Mimi nasema kwanza "makumi matatu na mamoja manne", kisha "thelathini na nne", kila siku, mpaka wao ndio wanitangulie.

Ticha_wa_Hesabu
Hiyo ya majina nakubali kabisa. Na kwa kosa la 1005, kata kadi za maboksi: ya 100 iwe ndefu, ya 5 iwe na upana wa tarakimu moja. Mtoto aipandishe 5 juu ya sifuri ya mwisho. Inasomeka 105, na ile mia bado ipo chini yake.

Mwalimu_Lindi
Asanteni sana. Kesho chelewa, kila kikundi kifunge mpaka mia. Kadi nitaanza kukata leo usiku. MamaDarasa, kamba za mgomba unazilowesha kwanza?

MamaDarasa_Tanga
Ndiyo, zikiwa kavu zinakatika.