Ushauri: BMW X5 yangu kuvuta tela la boti, taa zimeleta balaa

Sangara_Mkubwa

Wakuu habari za mchana. Niko Mwanza, nina BMW X5 ya 2010 (toleo linaloitwa E70), dizeli lita 3.0, ilitoka Uingereza. Nimepata boti ya faiba ya mita tano na injini yake, imekuja kwa kontena kutoka Marekani ikiwa juu ya tela lake. Nataka iwe inalala nyumbani Nyegezi, Jumamosi naivuta hadi ziwani navua sangara, jioni narudi nayo. Kuilaza mwaloni siwezi, injini za boti zina miguu siku hizi.

Gari halina chuma cha kuvutia tela. Nikaanza na taa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Fundi rewaya alichubua waya za taa za nyuma za gari akaunganisha na za tela. Tela lina waya nne tu: nyeupe, kahawia, njano na kijani. Akasema waya wa breki hauonekani lakini atajua la kufanya. Kweli taa za breki za tela zikawaka, ila nikikanyaga breki indiketa za gari nazo zinawaka, na nikiwasha indiketa taa ya breki inapepesa. Dashbodi ikaanza kuandika taa mbovu. Tukachomoa kila kitu, na mpaka sasa indiketa ya nyuma kulia imekufa. Balbu mpya, fyuzi nzima. Fundi anasema kontroli boksi imeungua, anataka niagize ya mtumba.

La pili ni chuma chenyewe. Fundi wa kuchomelea anataka kuchomelea chaneli kwenye ule mhimili ulio ndani ya bampa la nyuma, kisha afunge boli hapo, ile tufe ya chuma inayoshika tela. Bei yake haiumizi. Boti, injini, mafuta na tela ni kama kilo 900 kwa pamoja. Tela halina breki.

Nishaurini kabla sijatoa hela tena.

Kibajaji

Uza hiyo kitu chukua Hilux mkuu 😂 BMW ya kwendea harusini unaipeleka kwenye matope ya ziwa.

Dere_wa_Bukoba

Mimi kwenye Hilux niliunganisha moja kwa moja kwenye taa za nyuma, mwaka wa tatu huu hakuna hata fyuzi iliyokatika. Huyo fundi wako hajui kazi tu.

RewayaTu

Sangara, usinunue kontroli boksi. Bado.

Dalili ulizoandika zinaonyesha alichofanya fundi. Tela la Kimarekani la waya nne halina waya wa breki peke yake. Nyeupe ni hasi. Kahawia ni taa ndogo za usiku. Njano inabeba indiketa ya kushoto PAMOJA na breki ya kushoto, kijani inabeba hivyo hivyo upande wa kulia. Magari yao mengi yako hivyo, taa moja nyekundu inafanya kazi zote mbili. Gari lako ni la Ulaya, breki ina njia yake na indiketa ina yake. Fundi alipokosa waya wa breki akachukua breki ya gari na indiketa ya gari akazifunga zote kwenye njano, halafu tena kwenye kijani. Tangu hapo umeme wa breki ukapata upenyo wa kurudi kwenye indiketa, na wa indiketa ukarudi kwenye breki. Ndiyo disko uliyoiona.

Dere, Hilux ya zamani swichi inapeleka umeme kwenye rilei au kwenye taa moja kwa moja. Ukiongeza balbu, fyuzi ikikubali, maisha yanaendelea. E70 haiko hivyo. Kuna kontroli boksi inaitwa FRM, iko chini ya dashbodi usawa wa miguu, na yenyewe ndiyo inatoa umeme wa taa za nje na kupima kila taa inakula kiasi gani. Hata taa zikiwa zimezimwa inatuma umeme mfupi sana kuuliza kama balbu ipo. (Ndiyo maana watu wakifunga taa za LED kwenye tela zinapepesa zenyewe gari likiwa limeegeshwa, wanadhani kuna jini.) Balbu mbili za breki za wati 21 ni wati 42, karibu ampea 3.5 juu ya mzigo uliokuwepo. FRM inauona kama ugonjwa.

Sasa hiyo indiketa iliyokufa. FRM ikikutana na shoti inakata ile njia. Shoti ikijirudia inafunga njia moja kwa moja, na haifunguki hata ukiondoa shoti na kuweka balbu mpya. Si lazima iwe imeungua. Kwanza zile waya zilizochubuliwa zisafishwe, zifungwe upya, upime kwa mita kwamba hakuna inayogusa bodi. Baada ya hapo mtafute mtu mwenye programu za BMW aingie ndani ya FRM afute kumbukumbu ya shoti. Ni kazi ya dakika chache. Sharti moja: aweke chaja ya kushikilia volti kwenye betri kabla hajagusa chochote. FRM za miaka hiyo zina sifa ya kufa volti zikishuka kompyuta ikiwa katikati ya kazi. Ikifa hapo, utainunua kweli.

Sangara_Mkubwa

Mkuu RewayaTu umeongea kama ulikuwepo. Na taa nitaziungaje sasa bila kugusa hiyo FRM?

RewayaTu

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kufunga moduli ya tela ya BMW yenyewe, inakaa nyuma kwenye buti. Inaongea na gari kwa waya za mawasiliano, haichubui taa yoyote. Baada ya kuifunga gari lazima liambiwe kwamba sasa lina tela: kwenye orodha ya vifaa vya gari inaongezwa namba 3AC, kisha moduli zinazohusika zinaandikwa upya. Faida yake ni kwamba ukichomeka tela sensa za nyuma zinanyamaza, na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke unajua kuna mzigo nyuma, tela likianza kuyumba unasaidia kulituliza. Kwa boti ningekushauri hii.

Ya pili ni rilei ya baipasi, kile kiboksi kidogo kinachonusa tu. Kinachukua ishara ndogo mno kutoka kwenye taa za gari, halafu umeme wa kuwasha taa za tela kinautoa kwenye betri. Ni rahisi, inafanya kazi, ila gari halijui kama lina tela. Betri ya E70 iko nyuma chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo waya wa chanya ni mfupi. Fyuzi ya ampea 15, na ikae karibu na betri. Kuiweka kwenye soketi ni kulinda soketi huku waya ukiungua. Hasi usiifunge kwenye nguzo ya betri. Pale kuna kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, ukikizunguka gari linapoteza hesabu ya betri yake. Funga kwenye bodi, kwenye bolti ya hasi iliyopo, kwangua rangi kama ipo.

Kwenye tela, tupa zile taa za Kimarekani. Viko viboksi vya kuchanganya breki na indiketa ili uzitumie hivyo hivyo, lakini hicho ni kitu kingine cha kuingia maji. Nunua taa zenye indiketa ya njano peke yake, vuta waya mpya. Soketi ya pini saba inakwenda hivi: pini ya 1 njano, indiketa kushoto, 2 bluu, foglaiti, 3 nyeupe, hasi, 4 kijani, indiketa kulia, 5 kahawia, taa ndogo kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, taa ndogo kushoto. Angalieni mtego hapo: kahawia ya Marekani ni taa ndogo pande zote mbili, ya kwetu ni upande wa kulia tu. Waya wa hasi uwe mnene kuliko wengine, milimita za mraba 2.5, hao wengine 1.5 inatosha. Na usitegemee hasi ipite kwenye boli, grisi na kutu vitakuchezesha disko upya.

Chuma_Chakavu

Mimi kula yangu ni kuchomelea, na nakwambia usichomelee.

Ule mhimili ndani ya bampa umetengenezwa ukunjike gari likigongwa nyuma. Haukutengenezwa kuvutwa. Chuma cha kuvutia kilichotengenezwa kwa E70 hakishiki hapo; mara nyingi unautoa ule mhimili, chuma kinakaa mahali pake, mikono yake inafungwa kwa bolti kwenye mihimili miwili mirefu ya bodi. Bolti hizo zina kipimo chake cha kukaza, zinataka spana ya kupimia nguvu, na baada ya kama kilomita 1,000 za kuvuta zinakazwa tena. Nimeshaona kazi ya kuchomelea kwenye bampa iking'oka kwenye tuta, boli limebaki na tela.

Tena kuchomelea gari la kontroli boksi nyingi huku betri imefungwa ni kutafuta kesi. Na wenye Range Rover mnaosoma humu, zile zilizoanza na modeli ya 2013 bodi yake ni aluminiamu. Chuma hakichomelewi pale, asikudanganye mtu.

Halafu kaangalie kichwa cha tela, kile kikombe kinachomeza boli. Ya Marekani huwa imepigwa chapa kwenye chuma: 1-7/8 au 2, hizo ni inchi. Ya inchi 2 ni milimita 50.8, na boli la Ulaya ni milimita 50. Inakaa lakini inacheza, utaisikia ikigonga kila ukikanyaga breki. Ikiwa ni 1-7/8 haikai kabisa, na mtu atakayekwambia "gonga na nyundo itaingia" mkimbie. Badilisha kichwa cha tela kiwe cha 50, kinafungwa kwa bolti mbili au tatu.

Binti_Leicester

Kaka Sangara, mimi niko Uingereza na hapa matela ni kama baiskeli, kila nyumba. Mambo mawili.

Chukua namba ya chesisi uiweke kwenye tovuti za kusoma vifaa vya BMW. Ukikuta 3AC kwenye orodha, gari lako lilizaliwa na chuma cha kuvutia na mtu alikitoa kabla ya kuliuza, ina maana waya na moduli huenda bado zipo nyuma ya plastiki ya buti. Wengi huku wanafanya hivyo, wanauza chuma peke yake. Isipokuwepo, agiza chuma cha mtumba kilichotoka kwenye E70 pamoja na bolti zake na ile moduli. Angalia pia feni ya rejeta, zilizotoka kiwandani kwa ajili ya kuvuta huwa zinapewa yenye nguvu zaidi.

La uzito ndilo linanitia wasiwasi. X5 inavuta mzigo mkubwa, lakini tela likiwa na breki. Tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Wewe una 900. Matela mepesi ya Marekani mara nyingi hayana breki kwa sababu majimbo mengi hayazidai mpaka uzito ukaribie pauni 3,000, yaani kama kilo 1,360, kwa hiyo usidhani mtu alizing'oa. Tafuta ekseli yenye breki za kusukumana, zile ambazo gari likipunguza mwendo tela linalisukuma na msukumo huo ndio unabana breki.

Kibajaji

Dada wa Leicester ameongea, nafuta utani wangu wa Hilux. Nusu.

Mzee_wa_Nyali

Mimi nimevuta boti Mombasa miaka mingi, na kwetu maji ni ya chumvi, hayasamehe. Kinachoua taa za trela ni kitu kimoja: unafika majini na balbu zimepata moto, unaziingiza kwenye maji baridi. Ukifika, chomoa plagi kwanza. Kisha kaa dakika ishirini, kunywa chai, beringi za magurudumu nazo zipoe, maana kitovu cha gurudumu kikiwa moto kikazamishwa ghafla kinafyonza maji kupitia sili. Beringi iliyokunywa maji hukuacha njiani mbali na fundi.

Ukitoka majini pitisha mkono kwenye vitovu. Tena baada ya kilomita chache, simama, pitisha mkono. Kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake, rudi nyumbani polepole.

Na upime uzito unaokalia boli. Weka mizani ya bafuni, juu yake kigogo kifupi cha kufikisha kimo cha boli lilipo kwenye gari, shusha kichwa cha trela juu yake. Kwa kilo 900 upate kama 60 au 70. Ikisoma 20, boti imekaa nyuma mno na trela litatingisha mkia ukifika mwendo wa 80. Isogeze mbele, au hamisha tenki la mafuta.

Sangara_Mkubwa

Shikamoo Mzee, na asanteni wakuu wote. Mrejesho: waya zimesafishwa, nimempata kijana mwenye kompyuta, ameweka chaja kama mlivyosema, amefuta ile kumbukumbu na indiketa imerudi. Kontroli boksi iko salama. Namba ya chesisi haina 3AC, kwa hiyo naagiza chuma na moduli. Kichwa cha tela kimeandikwa 2. Mizani bado. Suala la breki naona ni kubadilisha ekseli nzima.

Swali la mwisho kwa RewayaTu: hizo breki za kusukumana nikirudi rivasi kushuka ziwani, si tela litanisukuma lijibane lenyewe?

RewayaTu

Litajibana, hasa ukirudi nyuma kupanda. Kushuka kwenye mteremko kwa kawaida hupati shida kubwa kwa sababu tela linashuka lenyewe. Ekseli za Ulaya za kisasa nyingi zinajiachia zenyewe magurudumu yakizunguka kinyume. Za Kimarekani nyingi zinahitaji waya wa tano, wa bluu, unaotoka kwenye taa za rivasi kwenda kwenye valvu inayozuia breki zisibane. Ukipata ya Ulaya chukua hiyo, utapunguza waya mmoja. Na tela likikamilika lipeleke TRA lipate kadi na namba yake, bima nao waandikie kwamba gari sasa linavuta, upate jibu lao kwa maandishi.