Kadi ya NHIF ikifungwa kati ya ajira mbili: kujiunga upya kukoje?

Mdau wa Mafinga

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo. Mkataba na mwajiri binafsi hapa Mafinga unaisha tarehe 30 Juni, na ajira mpya kwenye halmashauri ya Rungwe inaanza Oktoba. Kadi za NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ziko sita: mchangiaji, mwenza, watoto watatu na mama mzazi, ambaye ana presha na anachukua dawa kila mwezi. Kadi hizo zinaishia lini? Miezi hiyo mitatu CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) inatosha? Na kwa kuwa mwenza anatarajia kuajiriwa serikalini, inawezekana mmoja wetu akakataa makato?

Kitanzini

Mkuu, nianze na la mwisho. Mtumishi wa umma hana hiari ya kukataa. Makato ni asilimia 6 ya mshahara: 3 zako, 3 za mwajiri. Kwa mshahara wa 800,000, kwako inakatwa 24,000, mwajiri anaongeza 24,000, Mfuko unapokea 48,000. Wote wawili mkiajiriwa, wote mtakatwa. Faida yake ni kwamba kila mchangiaji ana nafasi zake za wategemezi, kwa hiyo mmoja aandikishe watoto na mwingine awabebe wazazi na wakwe. Mtoto mmoja hawezi kukaa kwenye kadi mbili.

Kadi inaishi kwa michango. Tarehe iliyochapishwa juu yake isikupe matumaini, maana mapokezi hawaisomi hiyo: wanaingiza namba kwenye mfumo na kusubiri idhini. Mwajiri akishakuondoa, au akiwa na malimbikizo ya michango, idhini haitoki hata kama kadi inang'aa. Na usikae nazo kimyakimya baada ya ajira kuisha. Kadi zote sita zirudishwe kwa mwajiri, naye atoe barua ya kusitisha yenye jina lako, namba ya uanachama na tarehe ya mwisho ya kazi. Toa nakala mbili za barua hiyo. Jina likibaki kwenye orodha ya mwajiri wa zamani, Oktoba mwajiri mpya atakwama kukuingiza, na kulisafisha ukiwa Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, wakati ofisi husika iko Mafinga kunakula siku nyingi.

Soweto Mbeya

Upande wa CHF iliyoboreshwa: kiwango kilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kwa miezi 12. Hakuna kulipia miezi mitatu tu. Uandikishaji unafanyika kijijini au mtaani kwa afisa mwandikishaji mwenye simu ya kazi. Anapiga picha ya kila mwanakaya, kwa hiyo wawepo wote siku hiyo, mama naye. Malipo yapite kwenye kontrolo namba ya serikali yenye tarakimu 12. Usimkabidhi mtu fedha mkononi ukaondoka bila risiti. Uliza pia tarehe ya kuanza huduma iliyoingizwa kwenye mfumo, usijihesabie tangu siku uliyolipa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili mpangilio wa mifuko hii, kwa hiyo thibitisha kiwango ofisi ya kijiji kabla hujalipa.

Sasa hapa ndipo watu wa Mbeya wanapoumia. CHF inaanzia zahanati, inapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na inakomea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mjini Mbeya kuna hospitali mbili zenye neno "rufaa": ya Mkoa na ya Kanda. Ya Kanda haimo, na wodi za wazazi za Meta ni za Kanda. Mgonjwa akishushwa kwenye bajaji langoni pa Kanda na kadi ya CHF, atalipa taslimu. Mwambieni dereva "hospitali ya mkoa", msiseme "rufaa" peke yake. Na msiruke ngazi, barua ya rufaa iwepo.

Mlima Parachichi

Nyongeza kwenye majina, kwa sababu hapo ndipo fomu nyingi zinarudi. Oktoba utaandaa fomu ya kujiunga iliyogongwa muhuri wa mwajiri, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), picha, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti chako cha kuzaliwa kuthibitisha mama. Viweke mezani vyote kwa pamoja, usome herufi kwa herufi. Cheti kinasema Mwakyusa, NIDA inasema Mwakiusa. Au Anyelwisye kageuka Anyelwise. Vile vyeti vya watoto chini ya miaka mitano vinavyotolewa bure zahanati na ofisi za kata, mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, huandikwa kwa mkono, na y na i hugombana sana humo. Anza kurekebisha Julai. Ukisubiri Oktoba, mshahara utakatwa na watoto hawana kadi.

Namba yako ya zamani ya uanachama itaje kwenye fomu. Usijaze kama mwanachama mpya, rekodi zitakuwa mbili.

Mdau wa Mafinga

Asanteni sana ndugu zangu. Na dawa za mama?

Kitanzini

Kliniki ya Juni aende kati ya tarehe 20 na 25, asingoje 30. Hata mtandao ukisumbua siku hiyo, bado ana siku za kurudi. Aondoke na daftari la kliniki lenye jina la dawa na kipimo, mfano amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku, pamoja na vipimo vya presha vya miezi iliyopita. Kila dawa ina ngazi yake ya kutolea, na zahanati haina zote, kwa hiyo Julai aanzie zahanati, aombe barua ya kwenda kituo cha afya mapema, kabla vidonge havijabaki vya siku tatu.

Soweto Mbeya

Kama mama ametimiza 60 na hana uwezo, pitieni pia ofisi ya kijiji kuulizia msamaha wa wazee. Na CHF mjiunge mwezi Juni, wakati NHIF bado inafanya kazi.