Waliokulia Moshi na Arusha: ndege gani alikuwepo kwenu na sasa humwoni? Tupeane uzoefu wa manati, ulimbo na nyavu

Mwana wa Kihamba (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimeshuka juzi kutoka Kibosho. Alfajiri nilisikia kunguru, shore na jogoo wa jirani, basi. Wazee wanalaumu ukame na dawa za kahawa. Sawa, ila kuna kitu tunakiruka: wengi wa wale ndege tuliwala.

Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa kazi ya watafiti waliounganisha tafiti 176 za nchi za joto, Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Panapowindwa, wingi wa ndege ulikuwa pungufu kwa asilimia 58 ukilinganisha na pasipowindwa. Upungufu huo ulionekana hadi kama kilomita 7 kutoka kijijini au barabarani. Sasa piga hesabu ya kwetu. Ule ukanda wa msitu wa nusu maili juu ya vihamba (mashamba yetu ya nyumbani) haufiki hata kilomita moja, kwa hiyo wote uko ndani ya mwendo wa mtoto mwenye manati na mchana mzima wa likizo.

Kila nikiligusa hili naulizwa, "manati ya mtoto ina madhara gani?" Haya, tupeane uzoefu.

Panda ya Mpera
Mkuu, Old Moshi likizo ya Desemba hakuna mtoto wa kiume asiye na manati shingoni. Panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, kigozi unakikata kwenye ulimi wa kiatu cha shule cha kaka (atajua Januari). Mawe ya mtoni, ya duara, maana lenye kona linapinda njiani. Vindege vidogo havina nyama, unatafuta kikubwa: njiwa, ninga, na ukibahatika hondohondo, yule wa mdomo mkubwa.

Mpakani mwa vihamba viwili kulikuwa na mringaringa mkubwa wenye tundu. Hondohondo jike huingia humo, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa tu. Anafungiwa miezi mitatu minne. Dume ndiye mpishi na mhudumu: anatua, anacheua tunda moja, anapitisha, anacheua lingine. Vijana wakubwa walipoona anarudi palepale kila mara, wakamvizia. Jioni akachomwa. Bibi akauliza tu, "Na wale wa ndani mnawapelekea nini?" Watu wakaendelea kutafuna. Ndege yule hutaga yai moja au mawili, si kama njiwa anayezaa tena na tena mwaka huohuo. Sikuona tena hondohondo akiutumia mti ule.

Chalii wa Sakina
Msiwabebeshe watoto mzigo wote. Misumeno je? Hondohondo bila mti wenye tundu atalalia wapi?

Mwana wa Kihamba
Kweli, arifu, vyote viwili. Ila kwa jirani yetu mti bado umesimama, mwenye tundu ndiye hayupo. Na ukimwondoa ndege mkubwa, nani atameza mbegu kubwa na kwenda kuitema mbali na mti mama? Chiriku hawezi.

Mama Mpunga
Mnalilia ndege, njooni Mabogini muamie mpunga! Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10, na wakitua hawaulizi shamba la nani. Vijana wanatega nyavu usiku, wanakaanga, wanauza na pilipili, na mimi nanunua. Ila nitasema ukweli, wavu hauchagui. Asubuhi unakuta bundi ameshajinyonga humo, na bundi ndiye anayetupunguzia panya. Na ikija ndege ya kupulizia sumu, kesho yake mwewe wanaookota mizoga nao wanaanguka. Sisi tunawakataza watoto kuokota.

Mwana wa Kihamba
Shikamoo mama. Kwa kwelea sina neno, pole na mpunga.

Dereva wa Makuyuni
Upande wa Monduli utawaona vijana waliotoka jando, shuka nyeusi, uso umechorwa nyeupe. Wanapiga ndege kwa upinde, wanawakausha na kuwapanga kichwani kama taji. Wanatafuta wenye rangi kali. Mimi sioni kama hao ndio tatizo, ni msimu mfupi na kila kijana anataka wachache.

Mzee wa Matundu
Mmeisahau biashara ya ndege hai. Mimi nilifanya kazi kwa msafirishaji mmoja hapa Arusha. Cherero, wale kasuku wadogo wa kichwa cha rangi ya machungwa, miaka ya 1980 walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa sana duniani, na kwa asili ni wa kwetu huku kaskazini mwa Tanzania. Kiangazi walinaswa kwenye maji, maana hawana pa kwenda. Kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono ndani ya tundu la kufugia kila asubuhi na kutoa waliokufa. Hao hawakuandikwa popote. Ulaya ilifunga uingizaji mwaka 2005 kwa sababu ya mafua ya ndege, ikafunga moja kwa moja 2007, na serikali yetu ikasimamisha kusafirisha wanyama hai 2016. Bosi alilia, mimi nikaenda kuuza matairi.

Chalii wa Sakina
Swali la kijinga: kwale wa kitoweo naye ni kosa?

Mzee wa Matundu
Bila leseni ni kosa, Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Leseni zipo, nenda TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Panda ya Mpera
Na mwenye kutaka kuwaonyesha watoto hondohondo aende wapi siku hizi?

Dereva wa Makuyuni
Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Pamelindwa tangu 1960, utawasikia mbawa zao kabla hujawaona. Kama huna gari, mabasi ya Ngare Nanyuki yanapita getini. Wahi la asubuhi, la mchana linajaa magunia.