Mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1 wiki ya 39. Mimba ya pili tuangalie nini?

Mhudumu_Jamii
Habari zenu wakuu. Kuna mama huku Geita, miaka 19. Wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1, wiki ya 39. Mtoto sasa ana miezi 10, na mama ana mimba ya wiki 14. MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, presha 110/70. Nianzie wapi?

Siti_RCH
Umefanya vizuri kutaja wiki. Chini ya gramu 2,500 ni uzito pungufu, lakini njiti na aliyetimiza miezi akiwa mdogo hawana chanzo kimoja. Huyu alidumaa tumboni.

Kwa Kanda ya Ziwa, malaria kwanza. MRDT hasi isikutulize: vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, damu ya kidoleni isionyeshe kitu, huku chakula cha mtoto kinapita kwa shida. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa kinga ya vimelea hivyo vya kwenye kondo bado haijajengeka. Tafuta kadi ya zamani uone alimeza SP (dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito) mara ngapi. Safari hii aanze sasa: vidonge 3 kwa mkupuo mbele ya muuguzi, hata kama hajala, kisha kila mwezi mpaka ajifungue, zisipungue dozi 3. Akiwa kwenye Septrin kwa ajili ya VVU, SP hapewi.

Duka_la_Dawa
Hapo kwenye SP, muulize na foliki (vitamini ya kuongeza damu) anayotumia. Ile ya mg 5 inaiua nguvu SP. FEFO ya kliniki (kidonge cha madini chuma na foliki) ina foliki kidogo, haina neno, ila asiimeze na chai; chai inazuia madini chuma.

Mkunga_Zamu
Mimi linalonitisha ni nafasi kati ya mimba na mimba. Kashika mimba mtoto ana miezi 7 hivi, na bila shaka bado ananyonya. Asimwachishe, ila mama aongeze mlo. Mzungushie utepe mkono wa juu: chini ya sm 23 ni utapiamlo. Hb (kipimo cha wingi wa damu) chini ya 11, atibiwe. Ulizia kama anakula udongo (wengi wanaficha!) na kama kuna bibi anayemkataza kula eti mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kuzaa. Kaswende apimwe leo leo.

Kuanzia wiki ya 24, kimo cha tumbo kwa sm (toka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba) hukaribiana na wiki za mimba. Kikibaki nyuma kwa sm 3, aende ultrasaundi. Akojoe kwanza, na apimwe na mtu yuleyule; mikono tofauti huleta namba za uongo.

Mhudumu_Jamii
Kadi nimeiona. SP mara moja tu, Hb 9.4, na presha haikuandikwa baada ya wiki ya 30.

Siti_RCH
Basi hatuwezi kujua kama ilipanda mwishoni. Presha nayo hudumaza. Safari hii ipimwe kila hudhurio pamoja na protini ya mkojo. Ikifika 140/90, siku hiyohiyo kwa daktari. Na daktari amwone kabla ya wiki ya 20, aamue kama anahitaji aspirini ya mg 75. Asijinunulie.