Corolla 110 yenye injini ya 5A: je, kusogeza taimingi kunapunguza ulaji wa mafuta?

Msafiri wa Iringa:
Habari zenu wakuu. Ninaendesha Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498, ambayo siku hizi inakula mafuta kupita kiasi. Mwenzangu mwenye gari kama hili anapata kilomita 14 kwa lita kwenye barabara kuu, ilhali mimi sifikishi 11. Fundi mmoja aliilegeza distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa plagi na kupanga taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa), akaizungusha kidogo huku akisikiliza mlio wa injini, kisha akaikaza. Tangu hapo gari limekuwa jepesi kuondoka, lakini nikipanda mlima wa Kitonga nikiwa na mzigo linagonga kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na mafuta hayajapungua hata kidogo. Sasa ananishauri tupunguze mafuta kwenye nozeli zinazonyunyizia petroli. Je, jambo hilo linawezekana, na taimingi sahihi ya injini hii ni digrii ngapi?

Fundi wa Gerezani:
Mkuu, mlio huo usiupuuze. Taimingi ikiwahishwa mno, shinikizo hupanda kabla pistoni haijamaliza safari yake ya juu, na sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa joto. Ukiendelea kupanda milima hivyo, pistoni na pete zake ndizo zitakazolipa.

Kipimo cha 5A-FE ni digrii 10 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni namba 1 kufika juu kabisa, injini ikiwa imepata moto, inanguruma bila kukanyagwa, AC na taa zikiwa zimezimwa. Kinachowaponza wengi ni kwamba kipimo hicho ni halali pale tu matundu ya TE1 na E1 yanapounganishwa kwa waya kwenye kile kisanduku cha uchunguzi kilichomo chini ya boneti (hayo mawili tu, maana mengine yana umeme wa betri). Bila waya huo kompyuta huongeza digrii zake yenyewe, kwa hiyo anayesoma 10 kwenye alama za puli ya krenki na kukaza bolti ameiacha injini ikiwa imechelewa: petroli humalizia kuwaka wakati valvu ya ekzozi inafunguka, nguvu inapotea kama joto, nawe unakanyaga zaidi ili gari liende. Kusikiliza kwa sikio ni mbaya zaidi, kwa sababu injini hupendeza sikioni ikiwa imewahishwa. Tafuta fundi mwenye taa ya taimingi (inayomulika kila cheche inapopigwa ili alama za puli zisomeke), aibane kwenye waya wa plagi ya silinda namba 1, na akishakaza distribyuta apime tena kabla ya kuchomoa ule waya.

Kuhusu nozeli, hakuna skrubu ya kupunguza. Kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ikae wazi muda gani, ikitegemea shinikizo la hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), joto la maji na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzozi, na katika mwendo wa kawaida hulenga sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Ningependa kujua jambo moja: je, themostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ipo? Magari mengi yametolewa themostati kwa hoja kwamba yasichemke, na matokeo yake, hasa kwenye baridi ya huko kwenu, maji hayafikii joto linalotakiwa, kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa, na inazidi kumwaga mafuta.

Dereva wa Mbeya:
Nakubaliana na fundi kuhusu 5A, ila wenye kabureta, isiyo na kompyuta ya kupima mafuta, wasichukue maelezo hayo kama yalivyo. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinakuwa na masizi. Pikapu yangu niliiwekea jeti ndogo zaidi na kuwahisha taimingi kidogo, jambo ambalo injini hulistahimili kwa kuwa silinda haijai hewa kama Dar es Salaam. Nikiteremka pwani ninarudisha vyote, la sivyo itachemka na kugonga.

Msafiri wa Iringa:
Nashukuru sana. Tumefungua nyumba ya themostati na kweli ni tupu. Ninunue ya digrii ngapi?

Fundi wa Gerezani:
Ya 82, na ile pini ndogo ya kupitisha hewa ielekee juu wakati wa kuifunga. Weka kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), si maji ya bomba. Ukimaliza, rudisha taimingi kwenye 10, jaza tangi mpaka pampu ikate, na ujaze tena kwenye sheli ileile baada ya safari ndefu. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Kama ulaji bado haujashuka, pima waya wa ishara wa sensa ya oksijeni injini ikiwa na moto. Volti zinapaswa kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Zikiganda mahali pamoja, lete majibu hapa kabla hujanunua sensa mpya.