Kwa nini dawa za Alzheimer hufaulu kwa panya na kugonga mwamba kwa binadamu?

Swali: Habari zenu wakuu. Ikiwa dawa nyingi huwasaidia panya waliopandikizwa jeni za Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu) lakini hushindwa kwa wagonjwa, je, bado ipo sababu ya kuwatumia?

Jibu la 1: Ndugu, panya wa kawaida hapati mabaka ya amiloidi (protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa) hata akizeeka, kwa kuwa amiloidi yake inatofautiana na yetu kwa asidi amino 3. Ndiyo maana panya wa 5xFAD, waliotangazwa mwaka 2006, walipewa mabadiliko 5 ya jeni yanayopatikana katika familia zinazorithi ugonjwa huu, na mabaka huanza kuonekana wakiwa na miezi 2 hivi. Tatizo ni kwamba wagonjwa walio wengi huugua uzeeni, bila mabadiliko hayo.

Jibu la 2: Naongezea. Panya waliopandikizwa jeni ya APP peke yake (jeni ya protini inayozaa amiloidi) kwa kawaida hawapati vifundo vya tau, protini nyingine inayojisokota ndani ya seli za neva za wagonjwa, na seli zao za neva hufa kwa uchache. Panya akisahau lilipo jukwaa lililofichwa chini ya maji ya bwawa la kupimia kumbukumbu, hajawa mzee aliyesahau jina la mwanawe. Chanjo iliyozuia mabaka kwa panya mwaka 1999 ilisitishwa kwa binadamu mwaka 2002, baada ya takriban asilimia 6 ya waliochanjwa kupata uvimbe wa ubongo na utando wake.

Jibu la 3: Kweli, lakini tusiwatupe. Lecanemab, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilitokana na kingamwili ya panya, ingawa manufaa yake ni madogo.